Wavu wa Pima Saba

Mkasi niliuchukua bila ruhusa. Nalisema hilo mapema ili usije ukalisikia kwa Kaliza, ambaye hajui kusimulia jambo bila kutia chumvi.

Katika karakana ya Mzee Ismaël, pale Nyamirambo, Kigali, mkasi mkubwa ulining'inia kwenye msumari nyuma ya kiti chake, juu kabisa, karibu na dari. Mzee ni mrefu, kwake haikuwa shida. Sheria yake ilikuwa moja tu: anayekata ni yeye, sisi wengine tunashona. Fundi, kwa maoni yake, ni mtu aliyekabidhiwa mkasi ule mkononi, kama yeye alivyokabidhiwa na marehemu baba yake. Mimi nilikuwa nimeshona kwake miaka kumi na mmoja. Nusu ya mabibi harusi wa mtaa ule waliolewa wakiwa ndani ya mishono yangu. Lakini mteja akiingia na kuuliza fundi yuko wapi, ilinibidi nimwonyeshe mzee kwa kidole, halafu nirudi kwenye cherehani. Naitwa Nyiraneza, na jambo hilo lilikuwa limenikaa kooni.

Mwezi wa tano, mwaka wa tisini, mzee alikwenda Butare kwenye msiba wa shemeji yake, akakaa wiki nzima. Siku ya pili akaingia kijana mrefu ajabu, amebeba furushi begani, akainama ili asigonge mlango. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye shela iliyokuwa imetundikwa ukutani, akaushika mshono wake kwa vidole viwili.

"Dada, nani anashonaga hii?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe? Na mikono yako?"

"Hapana, na mikono ya jirani. Unaona nani mwingine hapa?"

Alicheka, akaketi, akajieleza. Jina lake Évode, mvuvi wa sambaza, vile vidagaa vya ziwa Kivu. Kwao, alisema, wanafunga mitumbwi mitatu sambamba kwa miti mirefu, wavu unatandazwa chini yake majini, taa inawashwa juu, samaki wanaifuata taa, kisha watu wote wanavuta kona zote kwa pamoja. Wavu wao wa zamani ulikuwa umekwisha. Kitambaa kipya alikuwa amekinunua mjini, matundu madogo kama ya chandarua, lakini kilikuwa vipande vipande na mtu wa kuviunganisha hakumwona.

"Kule kwetu tunashonaga na uzi mukubwa kama kamba," alisema. "Samaki inaingia kwenye mikunjo, inaoza, neti inaoza nayo. Mimi nataka mushono inalala kama hii."

"Kipimo?"

"Pima saba huku, pima saba huku." Na akanyoosha mikono yake yote miwili kunionyesha pima moja, karibu aguse ukuta na ukuta.

Sasa, mimi ni mshonaji. Mtu akisimama mbele yangu amenyoosha mikono, mkono wangu unaikimbilia futi wenyewe. Nikampima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: mita moja na sentimita themanini na sita. Nikaandika ukutani kwa chaki, nikazidisha mara saba, nikamwambia arudi baada ya wiki sita. Alipotoka, nikapandisha kigoda juu ya meza, nikapanda mimi juu ya kigoda, nikautungua mkasi.

Nilifurahi mpaka nikaogopa. Ule mkasi ni mzito, na unapokata unatoa mlio ambao kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nausikia ukitoka upande wa pili wa chumba. Siku ile ulitoka mkononi mwangu. Kaliza, ambaye kazi yake ni vifungo na umbea, alisimama mlangoni kunilindia huku akiuma kucha.

Mzee aliporudi alikuta wavu mweupe umejaa karakana yote, umepanda juu ya meza na kushuka upande wa pili. Akaushika pindo. Akaufuata mshono mmoja kwa kidole mpaka mwisho wake.

"Nani alikata?"

"Mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mteja."

Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu, wakati wa kufunga, akavaa kofia yake, akasema bila kunitazama: "Siku wavu huu unaingia majini, nitakuwepo. Ukisimama sawasawa, mkasi ni wako, mimi nitashona vifungo. Usiposimama, utatafuta mahali pengine pa kushonea." Akatoka. Kaliza akaniambia, "Dada, umekwisha." Nikamwambia afunge mdomo wake kabla sijaufunga kwa uzi.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba ukaja ujumbe kwa mdomo wa utingo wa basi: Évode anasema mje na wavu Jumapili, siku ya mwezi mpevu. Sisi watu wa mjini tulielewa kwamba tumechaguliwa siku nzuri ya kutembea. Kaliza akanunua malimao kumi na mawili na pilipili ya kufungasha, maana sambaza wa kukaanga bila limao, alisema, ni matusi. Wiki nzima hakuzungumza kingine. Tungekula sambaza wabichi, tungekula sambaza wakavu, tungebeba sambaza kwa majirani. Na mimi, ambaye usingizi ulikuwa umenikimbia, nikaanza kuuona huo ufuko kichwani, na moyo ukawa unanienda mbio kwa hofu na kwa furaha vikiwa vimechanganyika, nisijue kipi ni kipi.

Jumapili hiyo ilikuwa pia siku ya fainali ya Kombe la Dunia kule Italia. Salvator, mwenye Pijo ya mizigo tuliyoikodi, alitoa sharti lake kabla hata hajawasha gari: "Saa tisa kamili tunageuka. Mupira ni saa mbili ya usiku, na mimi siikosi kwa sababu ya samaki ya mutu." Kamerun walikuwa wameshatolewa, na alikuwa bado na kinyongo, lakini alitaka kusikia mwenyewe redioni ni nani atakayelichukua kombe lao.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Mzee alikaa mbele na mfuko wake wa ngozi mapajani. Ndani ya mfuko, umefungwa kwa gazeti, ulikuwemo mkasi. Alikuwa hataki kuuacha nyuma, na sikuhitaji kuuliza kwa nini. Mimi nilikaa nyuma juu ya wavu, chini ya turubai, kwa kuwa sikumwamini mtu yeyote nao, na Kaliza akakaa nami kwa kuwa hakuniamini mimi na malimao.

Ndugu yangu, baridi! Kipupwe cha Kigali ni cha kufunga kitambaa kichwani tu, lakini gari lilipopanda milima ya kuelekea Ruhengeri ukungu ulitumeza na meno yetu yakaanza kugongana kama vikombe. Tulijifunika kwa turubai tukacheka kama wehu. Kukapambazuka. Upande wa kulia ikatoka milima ya volkano, mmoja baada ya mwingine, vilele vyake vikiwa juu ya mawingu, na Kaliza akaacha kuongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. Baada ya Gisenyi tukaiacha lami, tukashuka kwa njia ya vumbi katikati ya migomba, kona baada ya kona, mpaka kona moja ikafunguka na ziwa likawa pale chini.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja na sikuwahi kuona maji ambayo hayana upande wa pili. Nilisimama garini nikashika chuma, nikapiga kigelegele. Salvator akafunga breki akidhani nimeanguka.

Kijiji kilikaa kwenye ghuba ndogo iliyokunjwa kama kiganja. Nyumba zilipanda mlimani moja juu ya nyingine, mashamba ya maharage yalishuka mpaka mchangani, na mbele yake kulikuwa na visiwa viwili vyenye miti. Mitumbwi ilikuwa ufukoni yote, mitatu mitatu, miti yake mirefu ikiwa imepinda mbele na nyuma kama pembe za ng'ombe. Wanaume walikuwa wamekaa juani wanasokota kamba. Watoto wakalizunguka gari. Évode akaja mbio kutoka majini, suruali imekunjwa, akanishika mikono yote miwili.

"Dada! Umefika! Iko wapi?"

"Nimeikalia," nikasema.

Kaliza, yeye, alishashuka na mfuko wake wa malimao. Akamwuliza mama mmoja aliyekuwa anatandaza nguo: "Mama, sambaza ya leo iko wapi?"

"Sambaza?" Mama akamtazama kuanzia miguuni. "Na mwezi hii?"

Ndipo tukaelewa. Mwezi ukiwa mpevu usiku unakuwa mweupe, samaki hawaijali taa, na hakuna mtumbwi unaotoka kwa siku tano au sita. Ndiyo maana Évode alitaja siku ile: ndiyo siku watu wako nchi kavu na wanaweza kubadilisha nyavu. Kijiji kizima hakikuwa na kidagaa hata kimoja. Habari ya yule dada wa Kigali aliyeleta malimao kwenye mwezi mpevu ilizunguka ghuba upesi kuliko sisi tulivyoweza kushusha turubai, na kila tulipopita mtu alikuwa anajishika mbavu. Kaliza akaketi juu ya jiwe, akamenya limao moja, akalila kwa hasira.

Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Tuliubeba wavu watu sita mpaka mchangani, tukautandaza, na hapo jua likaushika. Ungeuona mwenyewe! Mweupe, umenyooka, mishono haionekani isipokuwa unapoitafuta. Wanawake waliokuwa wanafua waliacha, wakaja kuupapasa. Mmoja akauweka kichwani kama shela. Nilimtupia mzee jicho. Alikuwa amesimama pembeni na mfuko wake, anautazama wavu na si mimi, na uso wake haukuwa mbaya.

Kisha akaja Rutayisire.

Huyu ni baba mdogo wa Évode, mkubwa wa mitumbwi ile mitatu, mtu mfupi kama mimi, mabega mapana, na sauti ambayo ingetosha watu watatu. Hakusalimia, nadhani ni ugonjwa wa ukoo. Alitembea kando ya wavu kutoka kona moja hadi nyingine. Akarudi kwenye mitumbwi yake, akatazama miti. Akarudi tena.

"Nani alisema niletewe hema?"

Évode akasema, "Baba mudogo, ni pima saba. Nilimwambia dada pima saba."

"Ya nani?"

Rutayisire akanyoosha mikono yake mifupi, akaanza kupima mti mrefu wa mtumbwi, mkono kwa mkono, akihesabu kwa sauti ili ufuko wote usikie. Moja, mbili, mpaka saba. Ulikwisha barabara. Akaja kwenye wavu, akapima vilevile. Alipofika saba, wavu ulikuwa bado unaendelea mbele yake, mchangani, karibu urefu wa mtu mzima.

Kwa watu wa pale, niliambiwa baadaye, hakuna pima ya kila mtu. Kila mitumbwi mitatu ina pima yake, na pima hiyo ni mikono ya mtu aliyeifunga ile miti. Kamba, nyavu, kila kitu hukatwa kwa mikono yake mpaka siku atakapokufa. Hata mtoto anajua. Na kwa kuwa hata mtoto anajua, Évode hakufikiria kwamba kuna mtu wa kuambiwa. Na mimi, kwa kuwa ni mshonaji, nilimpima aliyesimama mbele yangu. Tangu lini mtu anashonewa suti kwa mikono ya baba yake mdogo?

Nilisema hivyo, tena kwa sauti. Rutayisire akajibu kwamba tangu lini mvuvi wa samaki anafundishwa na mshona magauni. Nikamwambia magauni yangu hayajawahi kumwacha mtu uchi. Watoto wakapiga makofi. Lakini kile kipande kilichozidi kilikuwa pale mchangani. Nilikuwa nimekata vibaya. Mara ya kwanza katika maisha yangu kushika mkasi, na nimekata vibaya.

"Ikatwe," akasema Rutayisire. "Pande zote nne. Ifike kwenye miti yangu."

Mzee Ismaël akafungua mfuko wake. Akalifungua gazeti polepole, akautoa mkasi, akaja mpaka mbele yangu, akaugeuza ili mpini unielekee.

"Kata," akasema.

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimeiota dakika hiyo. Nilikuwa nimeiota karakana imejaa watu, nimevaa kitenge kipya, mzee anasema maneno mawili matatu. Na sasa imekuja mchangani, mbele ya watu wanaonicheka, ili nikate makosa yangu mwenyewe. Nikaupokea. Ulikuwa na joto la mfuko. Machozi yalinijia na nikakasirika kwamba yamekuja.

Nikapiga magoti kwenye kona, nikafungua mkasi, nikaingiza pindo katikati ya meno yake. Lile pindo nililishona mara mbili kwa cherehani, na ndani yake nilipitisha njia ya kamba. Nikikata, pindo linaondoka pande zote nne, na hapa hakuna cherehani. Nitashona mapindo ya mita arobaini na tano kwa mkono kabla ya saa tisa? Nitafanya haraka haraka, uzi utafumuka, na kabla mwezi mpevu mwingine haujarudi wavu utakuwa matambara. Nilibaki na mkasi wazi. Nikamkumbuka bibi harusi mmoja wa Biryogo aliyekonda wiki mbili kabla ya harusi yake. Tulikata gauni lake? Hatukukata.

Nikafunga mkasi, nikauchomeka kiunoni, nikasimama.

"Sikati," nikasema. "Natia marinda."

"Nini?" akauliza Rutayisire.

"Marinda! Kiuno kinabaki chako, kitambaa kinabaki chote. Nipe kamba yenye urefu wa miti yako, nipe watu wanane na sindano. Na wewe pia kaa chini."

"Neti yenye tumbo? Itajaa maji! Itavunja watu mugongo!"

"Ina matundu, mzee. Maji yatatokea yalikoingilia."

Alimtazama Évode, Évode akatazama mchanga. Alimtazama Mzee Ismaël, akidhani mwanamume mwenzake atamwokoa. Mzee akavua koti, akalikunja, akaliweka juu ya mfuko, akaketi chini mchangani, miguu yake mirefu mbele.

"Sindano," akasema.

Basi tukafanya kazi. Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile. Nilikunja kila upande wa wavu nusu, kisha robo, kisha nusu ya robo, nikaweka alama za uzi mwekundu; nikaigawa kamba vilevile; tukapitisha kamba katika pindo na kuvuta kitambaa mpaka alama zikutane, kisha kila upana wa kiganja fundo moja, ili marinda yasihame. Wavuvi wanajua mafundo kuliko mimi, na walipoelewa mchezo wakaanza kushindana upande kwa upande. Waliimba ule wimbo wao wa kuvutia wavu. Kaliza akawa anapeleka sindano na kupeleka maneno. Mama wa nguo akatuletea viazi vitamu na maharage katika sufuria, tukala kwa mkono mmoja. Nilizunguka pande zote nne nikikagua, na nilipofika upande wa mzee nikasimama.

"Mzee, marinda haya yamelala upande. Fumua matatu ya mwisho."

Nilikuwa nimeshasema kabla ya kujisikia. Mzee Ismaël akainua macho. Kisha akainama, akafumua matatu.

Saa nane na nusu wavu ulikuwa umefungwa kwenye miti. Salvator alikuwa ameshawasha gari mara mbili ili tusikie. Tulimwambia dakika ishirini. Mitumbwi ikasukumwa majini, watu sita upande huu, sita upande ule, Rutayisire mbele, Évode kona ya nyuma. Nilitaka kubaki nchi kavu, lakini Rutayisire akaniambia, "Wewe muvaa marinda, panda," na nikapanda, mimi nisiyejua kuogelea, nikashika mti kwa mikono miwili. Mzee na Kaliza walibaki wamesimama kwenye maji mpaka magotini.

Katikati ya ghuba wakaushusha. Niliuona ukishuka mweupe, ukigeuka kijani, ukipotea. Nikajiambia: ukipanda umepinda, kesho unafungasha vitu vyako, na usilie mbele ya Kaliza. Rutayisire akapiga mtumbwi kwa kasia. Wakaanza kuimba, wakavuta.

Ulikuwa mzito. Niliona mishipa ya shingo zao. Rutayisire akaanza kulalamika, maji, maji, nilisema mimi. Kisha kamba zikatoka, kisha marinda yakatoka yakichuruzika, sawasawa pande zote nne kama kiuno cha mtu, na maji yakaporomoka kwenye matundu kwa kishindo kimoja, wavu ukawa mwepesi ghafla mpaka Évode akarudi nyuma hatua moja na kona yake ikaruka juu kuliko zote.

"Angalia! Tena!" Rutayisire alifoka. "Miaka mitatu huyu anavuta juu, samaki yote inamwagika upande yangu!" Akainama kutazama upande wake. Hakukuwa na kitu kilichomwagika. Kona ya Évode ilikuwa juu, yake ilikuwa chini, lakini katikati wavu ulikuwa na tumbo lake, na ndani ya tumbo hilo, mchana kweupe, siku ya mwezi mpevu, walikuwa wanarukaruka vidagaa.

Rutayisire akaingiza mkono, akawachota. Akawahesabu kwa sauti ileile aliyopimia mti wake. Kumi na tisa.

"Kumi na tisa, mchana!" akapiga kelele kuelekea ufukoni. "Kumi na tisa na jua!"

Ufuko ukalipuka. Nikapiga kigelegele mpaka nikaishiwa pumzi; nilikuwa nimeachia mti na hata sikujua. Évode alikuwa anacheza, na mitumbwi inayumba, na Rutayisire anamtukana, na anacheka. Kaliza alikuwa anaruka kwenye maji ameinua mfuko wake juu. Wale kumi na tisa walikaangwa hapohapo, wakakamuliwa malimao yote kumi na moja yaliyobaki, na kila mtu akapata kipande cha ukubwa wa ukucha.

Tuliondoka saa kumi kasoro. Salvator aliendesha bila kusema na mtu. Safari hii Kaliza alikaa mbele, kwa kuwa alikuwa amelowa, na mzee akapanda nyuma nami, juu ya turubai tupu. Jua likazama upande wa Zaire. Baridi ikarudi. Mkasi ulikuwa bado kiunoni mwangu. Nikautoa, nikaufuta kwa upindo wa kitenge, nikamnyooshea mpini, kwa maana wavu ulikuwa umesimama lakini kipimo nilikuwa nimekosea, na nilijua yeye anajua.

Hakuupokea. Alikuwa amejikunja ndani ya koti lake, anatazama barabara inavyotukimbia.

"Mimi ningekata," akasema.

Nikaurudisha mkasi kiunoni. Nikalia, na safari hii sikukasirika. Mbele, redio ya Salvator ilikuwa inakwaruza, fainali imeshaanza, na sisi bado tuko Shyorongi, nje ya Kigali.

Asubuhi nilichelewa. Nilipoingia, mzee alikuwa ameketi mahali pa Kaliza karibu na mlango, miwani puani, anashona vifungo vya shati la mtu. Hakuinua kichwa. Ukutani, nyuma ya kiti chake cha zamani, palibaki tundu dogo karibu na dari. Msumari ulikuwa umehamia nyuma ya cherehani yangu, tena chini, chini sana, na alama ya chaki pembeni yake. Nikakaa kwenye kiti changu, nikanyoosha mkono bila kusimama, niutundike mkasi. Ulifika.